Mbegu Kumi na Tisa

Kuna mlio mmoja unaonitoa jasho mpaka leo, na si mlio wa radi wala wa tairi kupasuka. Ni ule wa rula ya plastiki inapokunjwa na kukunjwa hadi inavunjika. Tap. Mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, kwa hivyo ninausikia karibu kila wiki, maana watoto wa darasa la nne wana ugomvi wao wa kudumu na rula. Juzi mmoja alivunja yake nikiwa nimewapa mgongo nikiandika ubaoni, na chaki ikanitoka mkononi. Darasa likacheka. Mimi pia nilicheka, lakini macho yangu yalikuwa tayari sakafuni, yakitafuta. Hayakuwa yanatafuta vipande vya rula. Yalikuwa yanatafuta mbegu.

Acheni niwaeleze, na mnivumilie, kwa sababu jambo lenyewe halijai kiganja.

Tulikuwa tukiishi Uthiru, mwendo mfupi kutoka barabara kuu, katika ploti ya shosho, mama yake baba yangu. Nyumba ilikuwa ya mbao, na chumba cha jikoni kilikuwa kibanda cha mabati kilichobandikwa ubavuni mwake. Ukuta wa mbao uliotenga jikoni na chumba cha wazazi wangu ulikuwa mmoja, na ulikuwa na nyufa za kupitisha moshi, harufu ya kitunguu na siri zote za familia. Ulikuwa mwaka ule shule za msingi zilipofanywa bure na darasa letu likajaa hadi tukawa tunakaa wanne kwa dawati la wawili. Tulifunga kwa likizo ya Desemba nikiwa na miaka kumi, na nilijiona mtu mzima.

Baba alikuwa mtunza bustani huko Karen, kwa mama mmoja mzee ambaye sisi tulimjua kwa jina la Madam tu. Kwenye veranda ya Madam kulikuwa na mmea wa kutambaa uliokuwa umeizunguka ile nyumba karibu yote, na ukichanua uliangusha mashada ya maua ya zambarau yaliyoning'inia kama zabibu. Baba aliuita wisitiria, kwa silabi moja ya ziada na kwa heshima kubwa, vile watu hutaja jamaa yao aliye na gari. Alikuwa ametupeleka kuuona mara moja, mimi na Mama. Ninachokumbuka zaidi ni nyuki, na Baba akitembea huku ameshika mikono nyuma kana kwamba veranda ni yake.

Mwaka huo Madam aliuza nyumba ili arudi kwa watoto wake ng'ambo, na mnunuzi alitaka kuivunja ajenge maduka. Kazi ya Baba ilikuwa inaisha pamoja na mwezi. Akaamua kuwa atauza miche kando ya barabara, karibu na Adams Arcade, mahali ambapo wenzake walikuwa tayari wamepanga mawaridi, bogenvilia na miti ya ua. Shida ni kwamba kila mtu pale alikuwa na mawaridi, bogenvilia na miti ya ua. Hakuna aliyekuwa na wisitiria. Madam alimwambia achukue chochote anachotaka kabla matingatinga hayajafika.

Basi Jumamosi moja Baba akashuka nyumbani na vijiti kumi na viwili vilivyofungwa ndani ya gazeti bichi, na maganda sita makavu kwenye katoni ya viatu.

Vijiti tulivipanda siku hiyo hiyo. Tulikuwa tumekusanya pakiti za maziwa kwa majirani wiki nzima, tukazitoboa chini kwa msumari na kuzijaza udongo uliochanganywa na mchanga. Baba alikata kila kijiti kwa kisu cha wembe, mshazari, chini kidogo ya kifundo, kwa sababu mizizi hupenda kutokea pale kwenye kifundo. Aliondoa majani yote isipokuwa mawili ya juu. Kisha akanikumbusha mara tatu upande upi ni wa chini, maana kijiti kikipandwa kichwa chini kitakaa hivyo hivyo kikikudanganya kuwa kizima mpaka kioze. Tukazipanga zile pakiti nje, chini ya dirisha la jikoni lisilokuwa na kioo, penye kivuli cha kizingiti chake.

Mbegu zilikuwa hadithi nyingine. Baba alisema kijiti kikishika, kitatoa maua baada ya miaka mitatu au minne, lakini mbegu ikiota, unaweza kungoja miaka kumi na zaidi kabla ya kuona ua moja. Nilimuuliza basi mbegu ni za nini. Akanijibu kuwa vijiti ni visumbufu, huenda vikafa vyote, na yeye hataki kuamka siku moja ajue kuwa mmea ule haupo tena Nairobi kwa sababu yake. Ndivyo alivyokuwa Baba. Mtu anapoteza kazi huku mke wake ana mimba ya miezi tisa, naye anahangaikia ukoo wa ua.

Maganda yale yalikuwa na vinyweleo laini ukiyashika, na ndani mbegu zilikuwa zimetokeza vinundu. Baba alichukua kidole gumba changu akakipitisha juu ya kila ganda, tukahesabu vinundu kwa sauti. Zilikuwa kumi na tisa. Alinieleza kuwa yakikauka sawasawa yatapasuka yenyewe, kwa nguvu, na kurusha mbegu mbali, ndiyo sababu katoni lazima ikae imefunikwa na kufungwa kamba, mahali pasipo na jua. Kazi hiyo akanipa mimi.

"Hizi ni kumi na tisa," aliniambia. "Nikikuuliza, nataka kusikia kumi na tisa."

Jambo la mwisho alituambia mimi na Mama peke yetu, kwa sauti ya chini. Mbegu hizo ni sumu. Mbwa wa Madam aliwahi kutafuna ganda moja, akatapika siku mbili, na daktari wa wanyama alisema ameponea chupuchupu. Mtu akila mbili au tatu atapelekwa hospitali, na mtu aliye dhaifu Mungu ndiye anajua. Alitukanya tusimwambie shosho. Shosho alikuwa tayari anaziita zile pakiti nyasi za Karen, na alikuwa anatafuta sababu moja tu ya kuzitupa kwenye shimo la takataka.

Wiki iliyofuata Mama alijifungua mtoto wa kiume.

Wale wanaojua desturi za kwetu tayari wamekisia jina lake. Mvulana wa kwanza hupewa jina la baba yake baba, kwa hivyo ndugu yangu akaitwa Kamau, kama marehemu guka, mume wa shosho, na tangu siku hiyo shosho hakumwita mtoto. Alimwita mzee wangu. Aliingia asubuhi akimuuliza kama mzee wangu amelala vizuri, na Mama akichelewa kumnyonyesha, shosho alisimama mlangoni akisema mzee wangu ana njaa. Mimi, kwa kuwa ndimi msichana wa kwanza, nilikuwa na jina la shosho mwenyewe, Nyambura, na kwa macho yake sikuwa na kosa. Nikivunja kikombe, kikombe ndicho kilichokuwa kibovu.

Sasa, mzazi wa Kikuyu hulishwa njahi. Ni zile punje nyeusi zenye mstari mweupe, zinazochemshwa, maji ya kwanza yakamwagwa, zikachemshwa tena hadi zilainike, kisha zikapondwa na ndizi mbivu, na zinasemekana kuongeza maziwa kuliko kitu chochote duniani. Mama hakuwa Mkikuyu. Alikuwa ametoka upande wa Machakos, kwao mzazi alipewa uji na supu, na njahi zilimkaa kooni. Siku ya tatu alirudisha sahani nusu. Shosho aliiangalia ile sahani, akasema kwa utulivu kuwa anaona kuna watu wanataka mzee wake afe na njaa, akaenda kukaa kwenye jua. Usiku huo nilimsikia Baba kupitia ukuta akimbembeleza Mama amalize kila sahani hadi mwezi uishe, kwa ajili ya amani. Mama akamwahidi.

Nawaambia haya yote ili mjue vile mambo yalivyokuwa siku ya tano, siku ya maganda.

Baba alikuwa ameenda Karen. Mama alikuwa chumbani na mtoto. Shosho alikuwa amechagua njahi kwenye uteo, akatoa mawe na zilizotobolewa, akauweka uteo juu ya stuli jikoni, kisha akatoka kwenda sokoni kutafuta ndizi mbivu. Aliniachia kazi moja.

"Angalia kuku isiingie kwa njahi ya mzee wangu."

Kuku sikuwaangalia sana. Nilikuwa nimekaa na ile katoni chini ya kitanda changu siku nyingi, nikiitikisa na kuinusa, na nilitaka kuona ganda likipasuka. Nilitaka tu kuona moja. Jua la adhuhuri lilikuwa likiingia kupitia lile dirisha lisilo na kioo na kuangukia kizingiti chake, na mabati yalikuwa yameanza kulia kwa joto. Nikaileta katoni, nikafungua kamba, nikaiweka juu ya kizingiti, na nikaketi sakafuni kungoja.

Nilingoja hadi nikachoka. Nilikuwa nimeshaanza kufikiria kuwa Baba ametia chumvi, ndipo la kwanza likapasuka.

Tap. Ganda lilijinyonga mara mbili kama kitambaa kinachokamuliwa, na kitu kikagonga bati juu ya kichwa changu. Nilipiga makofi, nitafichaje? Nilifurahi mno. Sekunde hiyo ningeinuka nikafunika katoni mambo yangeishia hapo, lakini nilikaa nikicheka. La pili likapasuka, halafu la tatu na la nne karibu pamoja, na mbegu zikaruka kila upande, zikigonga mabati, sufuria, debe la maji. Nilipoinuka kufunika, la tano lilipasukia usoni kwangu. La sita lilipasuka chini ya kifuniko.

Nikageuka, nikauona uteo wa njahi.

Mbegu ya wisitiria ni bapa na ya mviringo, rangi ya kahawia iliyokolea. Kati ya njahi nyeusi inaonekana ukiitafuta, lakini lazima uitafute. Nilipiga magoti nikaanza. Nilizipata chache ndani ya katoni, nyingine chini ya stuli, moja kwenye majivu, moja ndani ya kiatu cha shosho cha shambani. Nne nilizitoa kwenye uteo wenyewe. Nilihesabu kwa sauti, vile Baba alivyonifundisha, nikiziweka moja moja kwenye kikombe cha plastiki. Kumi na tatu. Kumi na nne. Kumi na tano. Kumi na sita.

Nikaanza upya toka mwanzo. Zikawa kumi na sita tena.

Nilikuwa nimetumbukiza mikono yote miwili kwenye njahi, nikizipitisha vidoleni, niliposikia lango. Shosho aliingia na ndizi zake, akaniona nimeinamia uteo, akafurahi kuwa namsaidia kuchagua. Alinipapasa kichwa. Kisha akauinua uteo, na kabla sijapata neno, akazimimina zote ndani ya sufuria ya maji aliyokuwa ameyaacha yakichemka motoni.

Mtaniuliza mbona sikusema. Nimejiuliza hivyo hivyo nikiwa na miaka kumi na tano, na ishirini, na thelathini. Nilijua kuwa nikisema mbegu, lazima niseme sumu, na nikisema sumu, kila pakiti iliyokuwa nje itatupwa shimoni jioni hiyo, na Baba atarudi amekosa kazi na amekosa miche. Nilijua pia kuwa ningechapwa, ingawa hilo nililiweka mwisho, na sasa nadhani lilikuwa la kwanza. Kwa hivyo nilisimama kando ya jiko la makaa nikiangalia sufuria.

Saa mbili zilipita, na sijawahi kuona saa ndefu kama hizo. Njahi zilipanda na kushuka ndani ya maji yaliyokuwa yamegeuka meusi kama lami, na kila kitu ndani yake kilikuwa rangi moja. Nilichukua mwiko nikajifanya nakoroga. Nilitazama kila punje iliyopanda juu, nikitafuta iliyo bapa. Shosho alinipokonya mwiko, akasema njahi zikikorogwa sana zinavurugika. Alipomwaga maji ya kwanza nilijitolea kushika kifuniko ili nichungulie, akanisukuma nyuma kwa kiwiko, nisiungue. Alikuwa anaimba wimbo wa kanisani. Alikuwa na furaha kweli kweli, na furaha yake ndiyo iliyoniumiza zaidi.

Njahi ziliporudi motoni mara ya pili, alinituma kwa Mama.

Chumbani kulikuwa na giza kidogo na harufu ya mafuta ya mtoto. Mama alikuwa ameketi kitandani, ameegemea ule ukuta wa mbao, Kamau akinyonya. Niliona mkono mdogo wa Kamau ukifungua na kufunga juu ya titi, na mawazo yakanijia kuwa chochote atakachokula Mama, Kamau atakinywa.

"Shosho anasema chakula iko karibu," nikasema.

Mama aliniangalia kwa muda mrefu kidogo.

"Haya," akasema. Halafu: "Ni hiyo tu umekuja kuniambia?"

"Ni hiyo tu."

"Haya," akasema tena. Nikatoka.

Jikoni, shosho alikuwa amechukua ndizi na kisu akaenda kuzimenya nje, penye mfereji wa maji. Sikufikiria tena. Nilishika mwiko kwa mikono miwili, nikausukuma ubavuni mwa sufuria kwa nguvu zangu zote, ikainama, ikasita, ikaanguka. Njahi zote zilimwagika sakafuni, na maji ya moto yakanipata mguu wa kushoto. Nina alama mpaka leo. Nililia, lakini hata nikilia niliona kuku mmoja mwekundu akiingia mbio na kudonoa mara mbili kabla sijamfukuza.

Shosho alifika na ndizi mkononi. Alitazama sakafu, akatazama mwiko uliokuwa bado mkononi mwangu, akatazama mguu wangu. Alinibeba kwanza hadi kwenye mfereji na kunimwagia maji baridi, hilo lazima niliseme kwa heshima yake. Kisha aliuliza ni nani ameniambia nimwage. Nikasema hakuna mtu. Akauliza tena. Nikanyamaza, kwa sababu jibu lingine lilikuwa limejaa kinywani na nilikuwa nimeliuma kwa meno.

"Huyu ni jina yangu," shosho akasema, lakini hakuwa anasema nami tena. Alikuwa ameelekea dirisha la chumba cha Mama. "Jina yangu haiwezi kumwaga chakula ya mzazi. Ametumwa."

Mama alikuwa ametoka. Alikuwa amesimama kwenye mlango, mkono mmoja ukutani, leso imefungwa kiunoni, bado anatembea kwa taabu. Nilimtazama nikingoja akane. Mtu yeyote angekana.

"Ni mimi nimemtuma," akasema. "Msimchape."

Shosho hakupiga kelele. Afadhali angepiga. Alizoa njahi zote kwa koleo akazitia shimoni na kuzifukia, akaosha sufuria, akaifunika. Kisha aliingia chumbani, akamshika Kamau kwa muda, akamwambia jambo kwa Kikuyu ambalo sikulisikia, akamrudisha kitandani. Kabla jua halijatua alikuwa amefunga nguo zake kwenye kiondo na kwenda kwa mwanawe mwingine huko Kinoo. Alisema atakuja kumwona mzee wake atakapoanza kula ugali.

Mimi nilikaa nje mguu ukiwa umepakwa dawa, nikimchunga yule kuku mwekundu. Alizunguka zunguka, akaoga vumbi, akapanda mtini kulala. Asubuhi alikuwa mzima na ametaga yai.

Baba aliporudi na kuikuta nyumba bila mama yake, alizeeka mbele ya macho yangu. Aliniita, akaomba mbegu. Nikampa kikombe. Alizihesabu kwa kidole gumba, akaniangalia, akazihesabu tena. Nilimwambia maganda yalipasuka na hizo tatu zilipotea. Hakuuliza wapi. Alizitia kwenye maji ya vuguvugu zilowe hadi kesho yake, kama alivyopanga, akazipanda, na ndani ya nyumba yetu hakukuwa na mazungumzo ya maana hadi mwaka mpya.

Wiki tatu baadaye, nikinyunyizia vijiti maji, niliona kitu. Kwenye pakiti moja ya kijiti, kando kabisa, kulikuwa na chipukizi kichanga, kilichoinama shingo. Kwenye pakiti ya jirani kulikuwa na kingine. Vijiti havizai watoto. Zile mbegu zilikuwa zimerukia nje kupitia dirisha. Nilichukua msumari nikachimbua pakiti zote kumi na mbili, moja baada ya nyingine, nikitafuta chipukizi cha tatu. Niliua vijiti vinne kwa kuchimba huko. Sikukipata.

Kwa hivyo mpaka leo sijui. Huenda ile ya tatu ilioza kwenye ufa wa ukuta, au ilibebwa na panya, na chakula nilichomwaga kilikuwa safi. Huenda ilikuwa ndani ya sufuria, na moja ingemtapisha tu. Nilizifikiria zote hizo nikiwa mtoto, kitandani, nikizigeuza geuza.

Baba alipata vijiti viwili vilivyoshika, na alivipeleka Adams Arcade vikiwa na majani mapya ya rangi ya shaba. Aliuza miche pale kwa miaka mingi, na wateja wake wa Karen walimjua kwa ule mmea. Mche mmoja wa mbegu aliupanda kwenye ua wetu. Ulikaa kijani tupu hadi mimi nikaajiriwa, na kila mwaka aliokuwapo, shosho aliucheka.

Shosho, ndiyo, alirudi. Alivumilia hadi Februari, kisha hamu ya kumwona mzee wake ikamshinda. Alirudi na kiondo chake kana kwamba alikuwa ametoka kununua chumvi. Yeye na Mama waliishi pamoja kwa adabu, wakanywa chai meza moja, wakaenda kanisani pamoja, lakini shosho hakumpikia Mama kitu tena, hata mara moja. Hata alipozaliwa dada yangu mdogo, njahi zilipikwa na jirani. Nilitazama hayo miaka yote. Kila mwaka nilijiambia nitasema, na kila mwaka ilikuwa imechelewa zaidi. Alifariki nikiwa chuo cha ualimu, akiamini kuwa mke wa mwanawe alimtumia mtoto kumwaga chakula chake.

Jioni baada ya mazishi, watu walipokuwa wameondoka, mimi na Mama tulikuwa tunaosha sufuria za kuazima nje. Nilimwambia yote: katoni, kizingiti, kumi na sita. Nilisema haraka, nikiwa nimekazia macho sufuria niliyokuwa nikiisugua. Nilipomaliza, Mama aliendelea kusuuza.

"Nilisikia," akasema.

Nikamuuliza alisikia nini.

"Zikipasuka. Mgongo wangu ulikuwa kwa ule ukuta. Nikakusikia ukihesabu. Ukafika kumi na sita ukanyamaza, ukaanza tena, ukafika kumi na sita."

Nilimuuliza mbona hakuniita.

"Nilikuwa nangoja uje uniambie."

"Na kama nisingemwaga?"

Alifikiria, mikono ndani ya maji. Alisema alikuwa amemwahidi Baba. Alisema kuikataa ile sahani siku hiyo, na shosho akiwa mlangoni, ilikuwa ngumu kuliko ninavyoweza kuelewa, na kuwa kutoa sababu kungenifikisha mimi mbele ya shosho na kuitupa miche ya Baba. Kisha akasema, kwa sauti ya kawaida kabisa, kuwa angekula. Angekula polepole, akizitafuta kwa ulimi.

Aliinuka kwenda kumwaga maji machafu. Nilibaki nimechutama pale na sufuria yangu. Miaka yote nilikuwa nimeuchukua ule mwiko kuwa dhambi yangu, na kwa siri nilikuwa nimejivunia pia, kwa sababu nilidhani nilimwokoa Mama bila yeye kujua. Sikuwahi kufikiria vile nilivyosimama mbele yake chumbani, kabla ya mwiko. Alikuwa ameketi pale na mtoto kifuani, anajua hesabu yote, akaniuliza kama ni hiyo tu, na mimi nikamtazama machoni nikamwambia ni hiyo tu. Akasema "haya" tena, akajiandaa kula.